Waya mmoja, nyaya pacha au amplifaya mbili: ipi ifungwe kwenye spika za stereo nyumbani?

Spika nyingi za sebuleni zina tamino (vifungio vya waya) nne mgongoni badala ya mbili: za chini ni za wufa (kipaza cha besi), za juu ni za twita (kipaza cha sauti za juu), na kati yake kuna vibati viwili vya shaba vinavyounganisha juu na chini. Tamino hizo nne ndizo zinazozua maswali. Upitishe waya mmoja na vibati viache vilivyo? Uving'oe, kila upande upate waya wake, yaani nyaya pacha? Au ununue amplifaya ya pili, moja ipige wufa na nyingine twita? Na mwenye jozi mbili za spika, moja sebuleni na moja barazani, naye anataka kujua azifunge paraleli (sambamba, kila moja kivyake kwenye amplifaya) au sirizi (moja baada ya nyingine kwenye mnyororo mmoja) bila kuunguza mashine.

Tunaziweka njia hizo bega kwa bega, na msimamo wetu tunausema mapema. Kwa nyumba nyingi, waya mmoja wa shaba halisi, wenye unene unaolingana na urefu wake na kufungwa chanya kwa chanya, unatosha kabisa. Nyaya pacha hazina madhara, lakini fedha yake ina kazi bora zaidi. Amplifaya mbili zinazotumia krosova (sakiti inayogawa besi na sauti za juu) iliyomo ndani ya spika ni gharama kubwa kwa mabadiliko madogo. Amplifaya mbili zenye krosova ya nje zinabadilisha sauti kweli, ila hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa vya kupimia.

## Waya mmoja: mjadala wenyewe ni unene

Waya wowote una ukinzani, na umeme unaoliwa njiani haufiki kwenye koili ya spika. Lingekuwa suala hilo tu, ungeongeza sauti kidogo na mambo yangeisha. Shida ni kwamba ukinzani wa spika hautulii mahali pamoja. Spika iliyoandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) inaweza kushuka hadi omu 6 na kitu kwenye baadhi ya sauti, kisha ikapanda hadi omu 30 au zaidi kwenye besi, pale wufa inapotikisika yenyewe kwa wepesi.

Tuseme waya wako una omu 0.4, kwenda na kurudi. Pale spika iliposhuka hadi omu 6.4, waya unakula desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.5. Pale ilipopanda hadi omu 30, unakula desibeli 0.1 tu. Maana yake waya mwembamba haupunguzi sauti yote kwa usawa: unapunguza huku zaidi na kule kidogo, na sura ya muziki inabadilika. Tofauti ya desibeli 0.4 iko karibu na mpaka wa kinachosikika. Ndiyo maana kanuni inayofaa kufuatwa ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika: omu 0.4 kwa spika ya omu 8, na omu 0.2 kwa spika ya omu 4.

Kwa shaba halisi, hesabu inatoa urefu huu wa mwisho:

| Unene wa waya (milimita za mraba) | Omu kwa kila mita, kwenda na kurudi | Mwisho kwa spika ya omu 8 | Mwisho kwa spika ya omu 4 |
|---|---|---|---|
| 0.5 | 0.069 | mita 5.5 | mita 2.5 |
| 0.75 | 0.046 | mita 8.5 | mita 4 |
| 1.5 | 0.023 | mita 17 | mita 8.5 |
| 2.5 | 0.014 | mita 29 | mita 14 |
| 4 | 0.0086 | mita 46 | mita 23 |

Urefu unaohesabiwa ni wa njia ya waya yenyewe, si umbali kwa kukadiria na macho. Katika sebule ya mita 4 kwa 5, spika ya upande wa mashine inaweza kutaka mita 3 tu, na ile ya ng'ambo ikataka mita 9 kwa sababu waya unapanda fremu ya mlango, unavuka juu na kushuka tena. Kwa spika za omu 8, waya wa 1.5 unatosha pande zote mbili. Kwa spika za omu 4, mita 9 za waya wa 1.5 zinafika omu 0.207, yaani umeshavuka mpaka, chukua 2.5, ambao unakupa omu 0.12 hivi.

Je, lazima waya wa kushoto na wa kulia zilingane urefu? Hapana. Mita 6 za ziada za waya wa 2.5 ni tofauti ya desibeli 0.09 kwenye spika ya omu 8. Kusogeza kiti kidogo upande mmoja kunaleta tofauti kubwa kuliko hiyo. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba nyuzi mbili za spika moja, chanya na hasi, zisafiri pamoja zimeshikana. Ukipitisha moja kushoto mwa mlango na nyingine kulia, unatengeneza kitanzi kikubwa kinachoanza kuzuia sauti za juu kabisa.

Namba za dukani zinachanganya. Waya uliotoka Marekani, na mwingi wa China, huandikwa kwa AWG, ambapo namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba: AWG 18 ni milimita za mraba 0.8, AWG 16 ni 1.3, AWG 14 ni 2.1 na AWG 12 ni 3.3. Waya wa Kiingereza huuzwa kwa idadi ya nyuzi: wenye nyuzi 79 za milimita 0.2 ni 2.5, na wenye nyuzi 42 ni 1.3. Waya usioandikwa kitu unaupimia mwenyewe: hesabu nyuzi za upande mmoja, pima kipenyo cha uzi mmoja kwa milimita, zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.785, kisha kwa idadi ya nyuzi. Usikubali kuuziwa kwa kuangalia unene wa plastiki. Ganda linaloonyesha ndani linaweza kuwa nene kama kidole na nyuzi zilizomo hazijai kijiti cha kiberiti.

## Shaba halisi na alumini iliyopakwa shaba

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Waya mwingi wa bei ya chini una nyuzi za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Kwenye maandishi utaona CCA, au hutaona kitu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba. Kwa hiyo waya wa namna hiyo wenye unene wa 2.5 unafanya kazi kama wa shaba wa 1.6 hivi. Si haramu kuutumia. Ukijua, unapanda ngazi moja kwenye jedwali: pahali pa 1.5 unaweka 2.5. Kosa ni kuulipia kama shaba.

Kuutambua ni rahisi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Angalia usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo nje ni nyeupe lakini ukiikwangua inatoka nyekundu. Hiyo ni nzuri, na pwani inadumu kuliko shaba tupu. Njia ya pili ni kuunyanyua roli: shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ukubwa uleule, na mkono unalijua hilo mara moja. Alumini pia inakatika ukiipinda mara chache mahali pamoja, na hilo ndilo linalotokea nyuma ya spika inayovutwa kila siku ya usafi.

Waya wa umeme wa nyumba, ule mgumu wa 1.5 unaofungwa kwenye taa na wa 2.5 unaofungwa kwenye soketi, unapitisha muziki bila kasoro yoyote kwa sababu shaba ni shaba. Matatizo yake ni mawili. Ni mgumu, hivyo unang'ang'ania tamino za springi hadi zinalegea. La pili ni zito zaidi: katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki nyekundu ni laini yenye umeme na nyeusi ni nyutro, na hizohizo ndizo rangi za waya wa spika. Fundi atakayekuja miaka mitano baadaye akikuta nyekundu na nyeusi zinatoka ukutani anaweza kuziunga kwenye umeme wa volti 230. Kama lazima upitishe ndani ya ukuta, weka paipu ya peke yake, usiichangie na waya wa umeme, na uandike "SPIKA" pande zote mbili kwa kalamu isiyofutika. Chaguo letu hapa ni waya laini wa fleksi wa 2 × 1.5: unapatikana kila duka la vifaa vya umeme, kwa kawaida ni shaba, na unalala vizuri kando ya ukuta.

## Nyaya pacha: mbili kwa kila spika

Unang'oa vibati, waya mmoja unaenda kwenye wufa, mwingine kwenye twita, na upande wa amplifaya zote mbili zinaingia kwenye tamino zilezile. Hoja ya wanaoipenda njia hii ni kwamba mkondo mkubwa wa besi unapita peke yake, hivyo hauchafui sauti za juu.

Hoja ina ukweli ndani yake, ila ukubwa wake ni mdogo mno. Krosova iliyomo ndani ya spika ndiyo inayogawa sauti, na ukishang'oa vibati ni kweli besi nyingi inapita waya mmoja na sauti za juu waya mwingine. Kinachoondoka ni sehemu ndogo ya volti za besi ambazo zingepotea kwenye waya wa pamoja. Kwa mita 5 za waya wa 2.5, waya wote una omu 0.07, chini ya asilimia 1 ya spika ya omu 8. Unapunguza kitu ambacho tayari kilikuwa karibu na sifuri.

Sasa ilinganishe kwa shaba unayolipia. Nyaya mbili za 1.5 ni jumla ya 3.0, waya mmoja wa 2.5 una shaba pungufu kidogo tu, vichwa vya kufunga ni nusu, na besi, ambayo ndiyo inayokula mkondo, inapata shaba nyingi zaidi: 2.5 badala ya 1.5. Kwa macho yetu waya mmoja unashinda.

Kuna hali moja ambapo nyaya mbili zina maana: zimeshapita ukutani, ni nyembamba, na huwezi kuvuta nyingine. Hata hapo, bora uziunganishe zote mbili miisho yote miwili ziwe kama waya mmoja, na vibati ubaki navyo. Chukua mita 8 za nyaya mbili za 0.75 na spika ya omu 4. Zikifungwa kama pacha, wufa inaona omu 0.37 na twita omu 0.37, zote nje ya kanuni. Zikiunganishwa pamoja, spika nzima inaona omu 0.18, na umo ndani ya kanuni.

Makosa ya njia hii yanajirudia. La kwanza ni kugeuza chanya na hasi upande mmoja tu, mathalani kwenye twita. Besi ipo, sauti za juu zipo, lakini pale zinapokutana, kwenye sauti za kati ambako mwimbaji yupo, panakuwa na shimo. Mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili. La pili ni kung'oa vibati kisha kufunga waya mmoja tu, na spika inapiga besi bila twita au twita bila besi. Malalamiko mengi ya twita "iliyokufa" ni vibati vilivyolegea au kushika kutu tu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua vibati, visugue kwa msasa laini na uvikaze upya. Au vibadilishe kwa vipande vya sentimita 10 vya waya uleule unaotumia.

## Amplifaya mbili kwa spika moja

Njia hii ina sura mbili zinazotofautiana mbali, na watu huzichanganya.

Ya kwanza inatumia krosova ya ndani ya spika. Risiva ya homu thieta yenye chaneli 7 mara nyingi ina chaguo kwenye menyu linaloandikwa "Bi-Amp": chaneli mbili za nyuma usizozitumia zinapewa kazi ya kupiga twita za mbele. Inaonekana kama zawadi ya bure. Lakini kila amplifaya bado inapokea muziki wote, besi kwa sauti za juu, na inatoa volti zilezile. Krosova ndiyo inayokataa mkondo usiotakiwa. Amplifaya ya twita itaanza kukata vilele vya mawimbi kwa sababu ya besi karibu pale pale ambapo moja peke yake ingeanza kukata. Tena kwenye risiva chaneli zote zinakula kutoka transfoma moja. Unachopata ni nafuu kidogo ya mkondo, si nguvu mara mbili kama wati zilizoandikwa kwenye boksi zinavyoashiria.

Hatari yake, kwa upande mwingine, ni kubwa. Vibati lazima vitoke kabla ya kuunganisha. Vikibaki, umeunganisha matokeo ya amplifaya mbili moja kwa moja, kila moja ikisukuma nyingine. Mashine nzuri itajizima, mbaya itaunguza transista. Utaratibu ni huu: chomoa risiva kwenye soketi, ng'oa vibati vya spika zote mbili, pima kwa multimita (kipima umeme cha mkononi) kuhakikisha juu na chini haviungani, funga nyaya, badilisha menyu, ndipo uwashe sauti ikiwa chini kabisa.

Ukitumia amplifaya mbili tofauti, ongeza tatizo la ukuzaji. Moja ikiwa inakuza desibeli 26 na nyingine 29, twita zitapiga desibeli 3 juu au chini ya wufa, na hakuna waya utakaoponya hilo. Kuzilinganisha: chomoa spika, piga toni ya hezi 50, na pima volti za AC kwenye tamino za kila amplifaya hadi zilingane. Multimita za kawaida zinasoma vizuri kwenye hezi 50. Kwenye sauti za juu nyingi zinadanganya.

Sura ya pili ni krosova ya nje, kabla ya amplifaya, siku hizi mara nyingi kwa kifaa cha DSP, yaani cha kuchakata sauti kidijitali. Krosova ya ndani inatolewa, na kila amplifaya inashika kipaza chake, wufa au twita, moja kwa moja. Hii ndiyo njia pekee kati ya zote ambayo tunaweza kusema inabadilisha sauti kwa kiwango kikubwa: besi ikizidi nguvu, twita haipati uchafu wake; kiwango na ucheleweshaji wa kila kipaza unaweza kurekebishwa; na amplifaya ya twita inaweza kuwa ndogo sana. Lakini unahitaji maikrofoni ya kupimia na programu ya kusoma vipimo, kwa sababu unatupa kazi ya mhandisi aliyeitengeneza spika na kuichukua mwenyewe. Usiifanye kwa spika nzima ya kiwandani inayokuridhisha. Inafaa kwa spika za kujitengenezea, au za zamani ambazo krosova yake imeungua na vipuri havipatikani.

Ukiamua, linda twita kwanza. Ikiwa imeunganishwa moja kwa moja, mshindo mmoja wa kuwasha mashine unaiua. Weka kapasita ya mikrofaradi 33, isiyo na chanya na hasi, kwa sirizi na twita ya omu 8: inaanza kukata karibu hezi 600, chini ya kutosha kutogusa krosova ya hezi 2,500, na inazuia umeme wa DC, ule wa uelekeo mmoja kama wa betri, usipite. Washa DSP kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake.

## Jozi mbili: paraleli au sirizi

Hapa hatuzungumzii ladha ya sauti tu, ni usalama wa mashine. Spika mbili za omu 8 zikifungwa paraleli zinakuwa omu 4. Tatu, omu 2.7. Zikifungwa sirizi, mbili zinakuwa omu 16. Nne zikifungwa mbilimbili sirizi, kisha hizo jozi paraleli, zinarudi omu 8.

Soma mgongo wa amplifaya. Nyingi zimeandikwa "A OR B: 4–16" na "A+B: 8–16". Maana yake ukipiga jozi zote mbili kwa pamoja, kila spika iwe omu 8 au zaidi, kwa sababu mashine ndani yake inaziunga paraleli na kuona omu 4. Ukiweka spika za omu 4 hapo, itaona omu 2: itachemka, itajizima katikati ya wimbo, na ukiwa unaiwasha tena na tena bila kuipumzisha, siku moja haitawaka.

Paraleli ina faida ya wazi. Kila spika inapata volti zilezile, hivyo kila moja inapiga kama ilivyokuwa ikipiga peke yake, na jozi ya pili haibadilishi sauti ya jozi ya kwanza. Sirizi inaipumzisha amplifaya, ila inakata: kila spika inapata nusu ya volti, yaani robo ya nguvu. Ubaya wake mkubwa unatokea pale spika zinapokuwa za aina tofauti. Volti zinagawanywa kufuatana na ukinzani wa kila moja kwenye kila sauti, na kwa kuwa ukinzani unapanda na kushuka mahali tofauti, spika moja inapora besi ya mwenzake na yenyewe inanyang'anywa sauti za kati. Kwa hiyo sirizi ni kwa spika pacha kabisa, muundo mmoja: chanya ya amplifaya kwa chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika ya kwanza kwa chanya ya spika ya pili, hasi ya spika ya pili kwa hasi ya amplifaya.

Maboksi ya kuchagulia spika, yenye swichi kwa kila chumba, huwa na swichi ya "ulinzi" inayoingiza vikinza, vipande vya kuongeza ukinzani, vya omu kadhaa. Vinalinda kweli, lakini kumbuka hapo juu tulikuwa tunabishania omu 0.4. Ukiongeza omu nzima nzima, sura ya sauti inapindika kuliko waya wowote mwembamba ungefanya. Kwa sebule na baraza, tunapendekeza amplifaya ndogo ya pili kwa baraza, ikipokea sauti kwa waya wa RCA. Mara nyingi bei yake haipishani mbali na boksi zuri na mita za waya mnene wa kufika huko.

Jambo moja kwa wenye amplifaya ndogo za klasi D: nyingi zina tamino za hasi ambazo *si* ardhi, zina sauti pia. Mtindo wa zamani wa kuokoa waya kwa kuunga hasi ya kushoto na ya kulia pamoja na kurudisha waya mmoja unaziua. Pitisha nyuzi mbili kamili kwa kila spika.

Seti za mezani za sabufa yenye spika mbili ndogo zina habari yake. Waya unaokuja nazo mara nyingi una unene wa 0.2 hivi, wenye plagi ya RCA mwishoni. Kwa mita 2 unavumilika. Ukiurefusha hadi mita 6 kwa waya uleule, unafika omu 1 kwa spika ambayo huenda ni ya omu 4. Kata waya sentimita 15 kutoka kwenye plagi na uunge waya wa 0.75 kwa kuchomelea, pini ya katikati ikiwa chanya. Plagi hiyo ni ya RCA kwa umbo tu. Inabeba nguvu ya spika, usiichomeke kwenye mlango wa kuingizia sauti wa mashine nyingine.

## Kufunga na kupima kabla ya kuwasha

Vua ganda milimita 10 hadi 12, usikate nyuzi, zisokote kwa uelekeo wao. Usizipake risasi ya kuchomelea kama zitakazwa chini ya skrubu au tamino ya mkono: risasi ni laini, inajitandaza polepole, na baada ya miezi kadhaa kifundo kimelegea. Plagi za banana za milimita 4 zinaondoa hatari ya uzi mmoja kuchomoza na kugusa tamino ya jirani, ambao ndio chanzo kikubwa cha shoti. Kwa tamino za springi, waya usizidi 2.5, na nyingi zinapendelea 1.5.

Chanya na hasi: waya wa rangi moja una alama upande mmoja, mstari, maandishi au kijimtaro kwenye plastiki, amua upande wenye alama ni chanya na usibadilishe nyumba nzima. Spika moja ikigeuzwa, mashine haidhuriki, lakini besi inapotea na mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati anatawanyika. Ukiwa na wasiwasi, zisogeze spika zikaribiane, piga wimbo wenye besi nzito, kisha zima mashine ugeuze waya za spika moja na usikilize tena. Mpangilio wenye besi zaidi ndio sahihi. Kwa waya uliofichwa ukutani, chomoa upande wa amplifaya na ugusishe betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye miisho ya waya: wufa ikisogea nje, ulichokigusa kwa chanya ya betri ndicho chanya.

Mwisho, multimita kwenye omu, waya ukiwa umechomolewa kwenye mashine lakini umefungwa kwenye spika. Spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7; ya omu 4, kama 3 hadi 4. Ukisoma sifuri, kuna shoti, usiwashe. Ukiona waya umekatika, yaani multimita haisomi kitu, kagua vifundo. Isipokuwa kama umeng'oa vibati na unapima tamino za twita: hapo kutosoma kitu ni sawa, kwa sababu kapasita ya krosova inaziba umeme wa multimita. Mombasa, Tanga, Unguja na kote ambako hewa ina chumvi, nyuzi zilizo wazi hugeuka kijani. Kila mwaka kata sentimita moja ya mwisho, vua upya na ukaze.